"Imekufa" au "Hazielewani"? Vitenzi vya Kutafutia Hitilafu ya Miwani ya Uhalisia Pepe, kwa Mfano wa Kasongo na Kabambare

Utangulizi

Katika Kiswahili cha kusini mwa Maniema, kama ilivyo pwani na katika nchi za maziwa makuu, mashine iliyoacha kufanya kazi husemwa kuwa imekufa. Redio imekufa, pikipiki imekufa, simu imekufa. Kitenzi hiki kinafaa sana kueleza masikitiko ya mwenye mali, lakini hakimsaidii fundi, kwa kuwa maiti haiulizwi maswali. Anayekabidhiwa chombo "kilichokufa" hukimbilia bisibisi, akafungua ganda na kutafuta ndani kitu kilichoungua. Aghalabu hakioni, maana chombo chenyewe ni kizima. Kilichovunjika ni maelewano baina yake na chombo cha pili.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta hitilafu katika chombo kimoja cha siku hizi, nacho ni miwani ya uhalisia pepe inayokataa kufanya kazi na programu ya mchezo wa kompyuta. Chombo hiki kimechaguliwa kwa sababu ni mara chache kinafanya kazi peke yake. Kati ya jicho la mchezaji na mchezo wenyewe kuna betri, kebo, tundu la kompyuta, kadi ya michoro, programu mbili tatu, akaunti, na hata saa na tarehe. Na kila kimojawapo kinaweza kuuzuia mchezo usionekane. Hoja inayotetewa ni kwamba vitenzi vya Kiswahili, pamoja na viambishi vyake vya unyambuaji, vinatosha kumwonyesha fundi ni kiungo kipi cha mnyororo huo kilichokatika, mradi vitumiwe kwa uangalifu.

Suala hili si la darasani tu. Kasongo na Kabambare ni wilaya mbili kati ya saba za Jimbo la Maniema, na vipuri vya vyombo vya namna hii si vya kuokotwa sokoni huko. Chombo kikihukumiwa kuwa kimekufa, hapana budi kipelekwe mbali: Kindu, Bukavu, Goma, au ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Safari hizo zina gharama wakati wowote. Na mwaka 2025, Goma ilipotwaliwa na M23 mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, zilizidi ugumu. Hukumu isiyo sahihi humgharimu mwenye chombo nauli, miezi ya kungoja, na pengine bei ya kipuri asichokihitaji.

Chombo na majina yake

Msingi wa chombo hiki ni wa zamani. Mwaka 1838 Charles Wheatstone alieleza kwamba jicho la kulia na la kushoto yakionyeshwa kila moja picha yake, picha hizo zikitofautiana kidogo, ubongo huziunganisha na kuona kina. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha huko Marekani chombo cha kuvaliwa kichwani kilichobadilisha picha kadiri mvaaji alivyogeuka. Sehemu zake zilikuwa nzito hata zikaning'inizwa darini. Vyombo vya kuuziwa watu wa kawaida, kama vile Oculus Rift na HTC Vive, vilitoka mwaka 2016. Mwaka 2019 ikafuata Oculus Quest, ambayo imebeba kompyuta yake ndogo ndani na inaweza kutumika bila kebo yoyote, au ikaunganishwa na kompyuta kubwa kwa michezo mizito.

Jina lake ndilo lina utata. Mtu wa Kasongo aliyesoma shule kwa Kifaransa huanza na neno "casque", yaani kofia ngumu kama ya askari au ya mwendesha pikipiki. Msomaji wa Dar es Salaam au Zanzibar huelekea kusema "miwani". Tofauti hii huongoza mkono wa fundi. Anayefikiria kofia hutazama kwanza ganda na ukanda. Anayefikiria miwani hutazama lenzi. Wala hakuna kati yao anayeelekezwa na jina kuitazama kompyuta, ilhali huko ndiko hitilafu nyingi ziliko. Makala haya yanatumia "miwani" kwa kuwa ndilo lililo fupi, si kwa kuwa ni bora.

Yaliyoipata miwani yameyapata majina yote ya vyombo hivi. Kompyuta yenyewe ni "kompyuta" Tanzania, "tarakilishi" katika vitabu vingi vya Kenya, na huko Kongo huitwa kwa neno lililotokana na Kifaransa "ordinateur". Waya, chaja na kioo nazo kila upande una jina lake, kwa kuwa kila upande ulikopa kwa mkoloni wake. Lakini fundi wa Kabambare akizungumza kwa simu na fundi wa Kigoma, wote wawili husema kuwaka, kuzimika, kuona, kusikia, kuelewa, kukataa, kuchelewa. Majina yamewatenganisha, vitenzi vimewakutanisha. Hii ndiyo sababu maelezo yanayofuata yanajengwa juu ya vitenzi.

Kuna kinaya kimoja ambacho hakifai kupitwa kimya. Vyombo hivi vina kapasita za tantalamu, viungo vilivyochomelewa kwa bati, na ncha za mawasiliano zilizopakwa dhahabu. Maniema ni nchi ya koltani, bati na dhahabu. Mgodi wa dhahabu wa Namoya uko Salamabila, katika wilaya ya Kabambare. Hakuna awezaye kuonyesha kwamba punje fulani ya dhahabu ndani ya miwani fulani ilitoka Namoya. Hata hivyo watu wanaoishi juu ya madini haya hukutana na chombo kilichokamilika kikiwa mgeni, chenye maagizo ya lugha ya kigeni na asiyekuwapo wa kukitengeneza.

"Haiwaki"

Swali la kwanza ni kama taa ya miwani inawaka. Betri iliyokwisha kabisa huweza kukaa kwenye chaja kwa nusu saa hivi kabla haijaonyesha dalili yoyote, kwa hiyo anayebonyeza kitufe mara mbili tatu na kukata tamaa amekata tamaa mapema. Hapo kitenzi sahihi ni "haijawaka", chenye kiambishi cha -ja-, wala si "haiwaki".

Tofauti nyingine ni kati ya "haiwaki" na "inawaka kisha inazimika". Hii ya pili ni ya kawaida mahali ambapo umeme hutoka kwenye sahani ya jua na betri ya gari, au kwenye jenereta ya saa mbili za jioni. Tundu la kawaida la USB 2 la kompyuta hutoa umeme wa wati 2.5 tu, na la USB 3 wati 4.5, miwani inayochezewa huweza kula zaidi ya hapo. Mtu huona kebo imeingia, huamini kwamba miwani inajaa, kumbe inapungua polepole mpaka inazimika katikati ya mchezo. Lawama huangukia mchezo. Dawa ni kuijaza kwanza kwa chaja yake, mchana jua likiwa kali, ndipo mchezo uanze.

"Haionekani", "haiioni", "hazionani"

Miwani ikiwa inawaka lakini kompyuta haionyeshi kwamba imeunganishwa, msemaji huwa na vitenzi vitatu vinavyotokana na shina moja, na kila kimoja kinasema jambo lake. "Miwani haionekani" kina kiambishi cha kutendeka: kinataja hali bila kumtaja anayeshindwa kuona. "Kompyuta haiioni miwani" kinataja mtenda na mtendwa, hivyo kinaelekeza macho kwenye kompyuta. "Miwani na kompyuta hazionani" kina kiambishi cha kutendana, nacho hakimpi fundi ruhusa ya kumlaumu mmoja kabla ya kuwapima wote wawili.

Kipimo cha kutendana ni rahisi: kila mwenzi apewe mwenzi mwingine. Kebo ileile iunganishe simu na kompyuta ileile. Picha zilizomo katika simu zikionekana kwenye kompyuta, kebo na tundu ni vizima. Simu ikijaa umeme lakini picha zisionekane, basi, mradi simu yenyewe imeruhusiwa kutoa picha zake, hitilafu imepatikana, kwa kuwa kebo nyingi za bei rahisi zina nyaya za umeme tu na hazina nyaya za data. Kwa macho hazina tofauti na nyingine. Baada ya hapo miwani iunganishwe na kompyuta ya pili, kama ipo; ikionekana huko, kompyuta ya kwanza ndiyo mshitakiwa.

Miwani zenye kebo ya picha, kama Rift na Vive za mwaka 2016, zina mtego wake. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya michoro huwa na matundu ya picha mahali pawili: kwenye kadi hiyo na kwenye ubao mkuu. Kebo ikichomekwa kwenye tundu la ubao mkuu, miwani hupelekewa picha na kijichipu dhaifu, au haipelekewi chochote. Kuhamisha kebo kwa kiasi cha kiganja kimoja kumewaponya wengi waliodhani wameibiwa.

Kadhalika miwani za aina ya Quest huuliza, ndani ya lenzi, kama mtumiaji anairuhusu kompyuta kuingia. Ujumbe huo hauonekani ila kwa aliyeivaa. Mwenye kusimama pembeni akiitazama kompyuta atangoja hadi kesho.

"Zinaonana lakini hazielewani"

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo neno "imekufa" linapopotosha zaidi. Taa inawaka, kompyuta inaandika jina la miwani, mchezo unafunguka kwenye kioo cha kompyuta, lakini ndani ya lenzi kuna giza au picha ya kungoja isiyokwisha.

Kisa ni hiki. Mtunzi wa mchezo hawezi kuandika programu inayozungumza na kila aina ya miwani duniani. Yeye huandika kwa lugha moja, na kati ya mchezo na miwani husimama programu ya tatu inayopokea maneno ya mmoja na kuyapeleka kwa mwingine. Kiswahili hakijawa na jina lililozoeleka kwa programu hiyo. Makala haya yanaiita "mkalimani". Zamani kila kampuni ilikuwa na mkalimani wake na lugha yake: Oculus walikuwa na yao, na Valve, wenye duka la Steam, walikuwa na yao. Mchezo ulioandikwa kwa lugha ya mmoja haukuielewa miwani ya mwingine. Mwezi wa Julai 2019 muungano wa makampuni uitwao Khronos Group ulitoa toleo la kwanza rasmi la lugha ya pamoja, OpenXR, ili mchezo ulioandikwa mara moja uweze kuzungumza na miwani nyingi.

Mtu wa Kasongo hahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwa kuwa historia ya mji wake ni hiyohiyo. Mbangubangu wa Kabambare, Mzimba na Mkusu wana lugha zao. Walipokutana katika biashara na misafara ya nusu ya pili ya karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa makao ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ambacho huko kiliitwa Kingwana. Hakuna aliyelazimika kuiacha lugha ya nyumbani. Kila mmoja alijifunza lugha moja ya sokoni. OpenXR ni lugha ya sokoni kwa maana hiyo hasa. Mlinganisho huu una mpaka wake, bila shaka: Kingwana kiliingia pamoja na bunduki na pembe za ndovu, na lugha ya kompyuta iliingia kwa mapatano ya wafanyabiashara.

Lakini lugha ya pamoja haijaondoa haja ya mkalimani. Imewafanya wakalimani wote waseme lugha moja, na hapo ndipo mkanganyiko mpya ulipozuka. Katika kompyuta yenye Windows, mkalimani mmoja tu wa OpenXR ndiye anayeweza kuwa kazini kwa wakati mmoja. Mwenye miwani ya Quest aliyeweka programu ya Meta na pia SteamVR ana wakalimani wawili, na mchezo utamwita yule aliyeandikwa katika kumbukumbu za Windows, hata kama siye anayeishughulikia miwani iliyochomekwa wakati huo. Mchezo unazungumza, mkalimani anasikiliza, miwani haiambiwi kitu. Marekebisho yake hayagharimu senti: hufunguliwa mipangilio ya programu ya Meta, au ya SteamVR, kulingana na aina ya mchezo, na kuchaguliwa kwamba ndiyo iwe mkalimani wa OpenXR, kisha mchezo unafungwa na kufunguliwa upya.

Ili kujua kama kosa ni la mkalimani au la mchezo, mchezo uwekwe kando kwanza. SteamVR ikiwashwa peke yake huonyesha chumba au uwanja wake ndani ya lenzi. Uwanja huo ukionekana na kugeuka pamoja na kichwa, basi miwani, kebo na mkalimani vinaelewana, na hitilafu ihamishiwe kwenye mchezo. Pengine mchezo umefunguliwa kwa namna ya kioo cha kawaida, kwani michezo kadhaa huuliza mwanzoni ichezwe kwa namna gani; au ni toleo la chombo kingine kabisa. Half-Life: Alyx ya mwaka 2020, mathalani, ilitolewa kwa ajili ya kompyuta, haiwekwi ndani ya Quest kama programu yake, bali huchezwa miwani ikiwa imeungwa na kompyuta yenye nguvu.

Sarufi inasaidia tena mahali hapa. "Haitambuliki" na "haitambuliwi" hufikiriwa kuwa sawa, lakini la kwanza ni la hali na la pili ni la kutendwa: kuna mtu anayekataa kutambua. Hitilafu za namna hii ya pili zipo. Mwezi wa Mei 2016 kampuni ya Oculus ilitia katika programu yake ukaguzi uliozuia michezo ya duka lake isifunguke kwenye miwani ya Vive kwa msaada wa programu huru iitwayo Revive. Watumiaji walilalamika, na ukaguzi huo ukaondolewa mwezi wa Juni mwaka huohuo. Miwani ya PlayStation VR2 ilitoka Februari 2023 ikiwa ya PlayStation 5 tu, na haikuweza kutumiwa na michezo ya kompyuta mpaka Sony walipouza kiunganishi maalumu kuanzia Agosti 2024. Fundi ambaye angeifungua miwani hiyo mwaka 2023 kutafuta waya uliokatika angetafuta milele.

Lililo chungu zaidi ni la miwani za Windows Mixed Reality, zilizouzwa kuanzia mwaka 2017 na Acer, HP, Lenovo, Samsung na wengine. Microsoft walitangaza Desemba 2023 kwamba wataacha kuzihudumia, na katika toleo la Windows 11 la 24H2, lililotoka mwaka 2024, programu yake iliondolewa. Aliyekubali kompyuta yake isasishwe usiku aliamka na miwani isiyotambuliwa tena. Hakuna kilichoungua. Mwaka 2025 kilitolewa kiendeshaji huru kinachowezesha miwani hizo kutumika tena na SteamVR katika kompyuta zenye kadi za Nvidia. Vyombo vilivyokwisha kutumiwa Ulaya na Marekani ndivyo hupelekwa Afrika kwa bei nafuu, kwa hiyo miwani za kundi hili zisistaajabiwe zikionekana Maniema. Na anayenunua aulize kwanza kompyuta yake ina toleo gani la Windows.

Na tarehe? Siku ya tarehe 7 Machi 2018 miwani za Rift duniani kote zilikataa kufanya kazi kwa sababu cheti cha usalama cha programu yake kilikuwa kimepitwa na muda. Baadhi ya watumiaji waliorudisha nyuma saa za kompyuta zao waliiona miwani ikiamka. Kampuni ilitoa marekebisho siku iliyofuata na kuwapa walioathirika dola 15 za matumizi katika duka lake. Tukio hilo lilikwisha, lakini kinyume chake hutokea kila mara: kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekwisha hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita kila umeme unapokatika, nayo huviona vyeti vyote kuwa bado havijaanza. Akaunti hazifunguki, maduka hayafunguki, mchezo unakataa. Kutazama tarehe kwenye pembe ya kioo ni kazi ya sekunde moja, na ifanywe mapema.

"Zinaelewana lakini inachelewa"

Picha katika miwani nyingi hubadilishwa mara 72, 80 au 90 kwa sekunde. Kwa mara 90, kompyuta ina milisekunde 11 hivi kuchora kila picha, tena mara mbili, jicho kwa jicho. Ikichelewa, ulimwengu unatetemeka na mvaaji anapata kichefuchefu. Mwaka 2016 kadi iliyopendekezwa kwa Rift na Vive ilikuwa Nvidia GTX 970 au iliyolingana nayo. Kompyuta nyingi za kuchukulika zilizonunuliwa kwa kazi za ofisi hazifiki hapo. Nyingine zina kadi mbili, dhaifu na yenye nguvu, na Windows huweza kuupeleka mchezo kwenye ile dhaifu ili kuokoa umeme. Hii hubadilishwa katika mipangilio ya michoro. Joto nalo huipunguza kasi kompyuta, na chumba cha bati saa nane mchana hakiisaidii.

Kuna "inachelewa" ya kompyuta na kuna "inapotea" ya miwani yenyewe. Quest na dada zake hujua zilipo kwa kamera zinazotazama chumba. Gizani kamera hazioni. Mwanga wa tochi moja hautoshi. Taa za umeme hupepesa kwa kufuata mzunguko wa umeme, ambao Kongo ni wa hezi 50, na mipangilio ya Quest ina mahali pa kuchagua hezi 50 au 60. Miwani iliyotoka Marekani huenda imewekewa 60. Ikipoteapotea chini ya taa za jenereta lakini ikatulia kwa mwanga wa dirishani, hapo ndipo pa kutazama.

Inafaa kutaja pia kisanduku cha kutilia simu, kwa kuwa ndicho kilicho karibu zaidi na mfuko wa mwanafunzi. Google walianza kueneza kisanduku cha karatasi ngumu mwaka 2014 na wakaacha kukiuza mwaka 2021, lakini vya plastiki vinauzwa bado. Lalamiko lake la kawaida ni "picha inaonekana lakini haigeuki", na sababu yake ni moja tu mara nyingi: simu za bei ya chini hukosa gairoskopu, kihisi kinachopima mzunguko wa kichwa. Hapo hakuna programu itakayosaidia. Simu nyingine ikitiwa katika kisanduku hichohicho, jibu hupatikana papo hapo.

Ujumbe wa kioo

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Katika orodha za kimataifa za misimbo ya lugha, Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc, chini ya swa iliyo ya Kiswahili chote. Na hazina ya data za lugha ya Unicode ina fungu la Kiswahili cha Kongo kando ya lile la Tanzania, la Kenya na la Uganda. Kazi ya kuzifanya programu ziseme Kiswahili si ndoto, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hata hivyo, mbele ya miwani inayokataa, mtu wa Kabambare kwa kawaida husoma ujumbe kwa Kiingereza au Kifaransa, na akibahatika kupata tafsiri ya Kiswahili huambiwa "Hitilafu imetokea".

Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na haina faida yoyote. Haina mtenda wala mtendwa. Hitilafu imejitokea yenyewe, kama mvua. Wanafunzi wa tafsiri wangefanya zoezi zuri wakiandika upya ujumbe wa namna hiyo kwa kumtaja asiyeona na asiyeonwa: "Kompyuta haiioni miwani kupitia kebo hii", "Mchezo umemwita mkalimani wa SteamVR, lakini miwani iko kwa mkalimani wa Meta", "Miwani inangoja ruhusa yako, ivae usome". Sentensi za namna hii zinasomeka Kasongo kama zinavyosomeka Tanga, ila kwa nomino mbili tatu ambazo kila mji utajichagulia.

Pale "imekufa" inapokuwa neno sahihi

Baada ya yote hayo, kuna miwani inayokufa kweli, na katika nchi iliyo karibu na ikweta sababu moja inazizidi nyingine. Lenzi za miwani hukuza picha kwa jicho. Jua likiingia kwa upande huo, lenzi hizohizo hukusanya mwale wake juu ya kioo cha ndani na kukichoma kama kioo cha kuwashia moto. Muda mfupi sana hutosha. Alama yake ni doa au mstari wa njano au mweusi usioondoka, unaokaa mahali pamoja mchezo wowote ukifunguliwa, na unaoonekana hata kebo ikiwa imechomolewa. Hakuna mpangilio wala mkalimani wa kuuondoa. Kioo chenyewe ndicho cha kubadilishwa. Miwani isianikwe uani pamoja na nguo, isiachwe dirishani, na ikiwekwa mezani lenzi zitazame chini au zifunikwe kitambaa.